Nyumba Nayo Imlinde Mtoto

  Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini sogeza redio karibu kidogo, kwa sababu leo tunazungumza juu ya moto huo huo ulio mbele yako.

Tunapozungumza juu ya afya ya mtoto, mara nyingi tunataja chanjo, maziwa ya mama, malaria na kuhara. Moto tunausahau mpaka siku utakapotokea kwa jirani. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuungua, na wengi wao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama yetu. Wanaopona wengi hubaki na makovu, na wengine hubaki na vidole au shingo isiyoweza kunyooka. Na mahali ambapo wanawake na watoto huungua zaidi ni nyumbani.

Sasa nikuulize jambo, mama. Nyumba inapoungua na mtoto akaumia, swali la kwanza la watu huwa ni lipi? Utasikia, "Mama yake alikuwa wapi?" Pengine mama alikuwa ameenda kuchota maji. Pengine alikuwa kazini kwa watu akitafuta unga wa jioni. Pengine alikuwa humo humo ndani, amelala kwa uchovu. Swali la pili, ambalo ni nadra kusikia likiulizwa, ni hili: "Nyumba yenyewe ilijengwa namna gani?"

Leo tutauliza hilo swali la pili. Mama ana sehemu yake, nasi tutaitaja. Lakini mama hulala, huchoka, na huenda sokoni. Nyumba haiendi popote. Kwa hiyo nyumba nayo imlinde mtoto.

Nyumba zinazojimwagia maji

Ziko nchi ambazo zimeamua kwamba mtu akijenga nyumba mpya ya kuishi, ni lazima aweke ndani yake vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto. Pengine umeviona katika dari ya duka kubwa au hoteli mjini. Ni vichwa vidogo vya chuma vinavyochungulia kutoka darini, kila kimoja kimeunganishwa na bomba la maji.

Hebu tueleze vinavyofanya kazi. Katika kila kichwa kuna kichupa kidogo cha kioo chenye maji maji ya rangi ndani yake. Kichupa hicho ndicho kinachozuia maji ya bomba yasitoke. Moto ukiwaka chumbani, joto hupanda juu hadi darini. Joto la hapo juu likifika nyuzi 68 hivi, maji maji yale hutanuka, kichupa hupasuka, na maji ya bomba hunyunyizika juu ya moto. Hakuna mtu aliyebonyeza kitu. Hakuna aliyeamshwa. Hata kama stima imepotea, kichupa kitapasuka tu.

Watu wengi wameona katika sinema vinyunyizio vyote vya jengo vikimwaga maji kwa pamoja mtu akiwasha sigara. Hivyo sivyo ilivyo katika nyumba za kuishi. Moshi wa sigara au wa kukaanga samaki hauvifungui. Kinachofungua ni joto kali, na kinachofunguka ni kile kichwa kilicho karibu na moto. Vingine hubaki vimefungwa. Mara nyingi kichwa kimoja hutosha kuuzima moto au kuuzuia usienee.

Fikra hii si mpya. Mwaka 1874, huko New Haven nchini Marekani, mtu aliyeitwa Henry Parmelee alipata hataza ya kinyunyizio chake, akakitumia kulinda kiwanda chake cha piano. Kwa hiyo piano zilianza kulindwa zamani. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kabla ya watu kuanza kuweka sheria ya kumlinda mtoto aliyelala kitandani. Mji wa San Clemente katika jimbo la California uliweka sheria hiyo kwa nyumba mpya mwaka 1978. Mji wa Scottsdale, jimbo la Arizona, ulifuata mwaka 1985. Jimbo zima la California lilianza kudai vinyunyizio katika nyumba mpya za familia tarehe 1 Januari 2011.

Scottsdale waliweka hesabu kwa miaka 15. Katika miaka hiyo watu 13 walikufa kwa moto katika nyumba zisizo na vinyunyizio. Katika nyumba zenye vinyunyizio hakufa hata mmoja. Waliona pia kwamba kinyunyizio kilitumia wastani wa lita 1,300 hivi za maji kwa moto mmoja, wakati mipira ya wazima moto ilitumia wastani wa lita 11,000 hivi. Sababu ni rahisi kuielewa. Kinyunyizio hukutana na moto ukiwa bado mdogo, na gari la zima moto huukuta ukiwa umekomaa.

Mwanamke aliyekuwa akipokea simu

Nchi ya kwanza duniani kudai vinyunyizio katika nyumba zote mpya ni Wales, nchi ndogo iliyo sehemu ya Uingereza. Aliyeipeleka sheria hiyo bungeni ni mwanamke, mheshimiwa Ann Jones. Kabla ya kuingia siasa alifanya kazi katika chumba cha simu cha zima moto. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu ambao nyumba zao zinaungua.

Alianza kuisukuma sheria hiyo mwaka 2007. Ilipitishwa mwaka 2011. Ilianza kufika kwenye nyumba zote mpya tarehe 1 Januari 2016. Hesabu miaka hiyo, mama. Tangu kuanza hadi kumaliza ni zaidi ya miaka minane. Wenye kampuni za ujenzi walilalamika kwamba nyumba zitakuwa ghali na watu hawatamudu kuzinunua. Hata Marekani, majimbo mengi yamekubali hoja hiyo na kupitisha sheria ya kuwakataza viongozi wa miji yao wasidai vinyunyizio katika nyumba za familia.

Tuseme ukweli, hoja ya gharama si ya kudharauliwa. Mabomba ni pesa, fundi ni pesa, na mwishowe anayelipa ni mpangaji au mnunuzi. Lakini lipo jambo ambalo hoja hiyo huliacha nje. Nyumba isipojengwa vizuri, gharama haipotei. Inamhama mwenye nyumba na kumwendea mama. Mama ndiye atakayelala wadi ya waliochomeka kwa majuma. Ndiye atakayeacha kibarua chake kumpeleka mtoto kubadilishwa bandeji. Gharama hiyo haiandikwi katika hesabu ya mjenzi.

Jirani zao wa Uingereza walijifunza kwa uchungu. Tarehe 14 Juni 2017 jengo la ghorofa la Grenfell Tower, London, liliungua usiku na watu 72 wakafa, watoto wakiwa miongoni mwao. Moto ulianzia kwenye friji jikoni mwa nyumba moja, ukashika mabamba ya nje ya jengo yaliyokuwa yanawaka kwa urahisi, ukapanda hadi juu. Jengo hilo halikuwa na vinyunyizio. Baada ya hapo, kuanzia mwisho wa mwaka 2020, England ilianza kudai vinyunyizio katika majengo mapya ya kuishi yenye kimo cha zaidi ya mita 11. Zamani sheria ilianzia mita 30. Na Scotland, kuanzia mwaka 2021, ikadai viwekwe katika fleti zote mpya.

Na sisi hapa Kenya?

Najua unachofikiri. Unasema, "Mwalimu, mfereji wangu hutoa maji mara mbili kwa wiki. Hicho kinyunyizio kitanyunyiza nini?" Umeuliza vizuri. Kinyunyizio bila maji ni pambo la dari. Kinyunyizio kimoja cha nyumbani hutumia kama lita 60 kwa dakika, kwa hiyo tangi la lita 1,000 linaweza kukilisha kwa zaidi ya dakika kumi, lakini ni sharti maji yawe na nguvu ya kusukuma. Katika ghorofa nyingi zinazojengwa sasa mijini mwetu tayari kuna matangi juu na pampu chini. Kwa majengo kama hayo jambo hili linawezekana, likipangwa tangu ramani ya jengo inapochorwa. Kuongeza mabomba baada ya ukuta kupigwa plasta ni kazi kubwa na ghali zaidi. Ndiyo maana nchi zile zilianza na nyumba mpya.

Kwa chumba cha mabati au cha udongo chenye mtungi mmoja wa maji, vinyunyizio viko mbali. Hatutakudanganya. Lakini fikra iliyo nyuma ya vinyunyizio haiko mbali. Fikra ni hii: usingoje moto ndipo uanze kutafuta msaada. Msaada uwe umejengwa ndani ya nyumba kabla ya moto.

Nchini Kenya tumezika watoto wengi kwa kukosa fikra hiyo. Mwaka 2001, bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, liliungua usiku na wavulana zaidi ya 60 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2024 tuliomboleza tena, wavulana 21 wa shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri. Wazazi wale walikuwa wamewalea watoto wao vizuri. Walichokuwa hawana ni uwezo juu ya jengo ambamo watoto wao walilala.

Kwa miaka mingi kanuni zetu za ujenzi zilikuwa zile za mwaka 1968. Kanuni mpya za ujenzi za taifa zilianza kutumika Machi 2025. Tena Katiba ya 2010 imeipa serikali ya kaunti kazi ya kuzima moto. Kwa hiyo mlango wa kubisha uko karibu nawe. Kaunti ikiita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, nenda, au mtume mwenzako wa chama. Muulize mwakilishi wenu wa wadi: gari la zima moto liko wapi, na likija litapita njia gani? Ghorofa mpya inayojengwa hapa kwetu, ngazi zake ni ngapi, na nani aliyeikagua? Aliyekuwa akipokea simu Wales aliuliza maswali kama hayo kwa zaidi ya miaka minane.

Kabla ya kulipa kodi ya nyumba

Unapotafuta nyumba ya kupanga, huwa unauliza maji, stima na choo. Kuanzia leo ongeza maswali haya kwa mwenye nyumba au msimamizi wa ploti.

La kwanza: nikishindwa kutoka kwa mlango huu, nitatokea wapi? Kama kila dirisha lina vyuma vilivyochomelewa ukutani, mwombe dirisha moja la chumba cha kulala liwekewe vyuma vya bawaba, vinavyofunguka kutoka ndani. Mwizi atazuiwa, na mtoto atapita. Kazi hiyo fundi wa kuchomelea huifanya kwa siku moja.

La pili: kwenye ghorofa, ngazi ni safi? Ngazi iliyojaa pikipiki, magodoro ya zamani na magunia ya makaa si njia ya kutorokea. Geti la chini likifungwa usiku, ufunguo uko kwa nani, na analala wapi?

La tatu: nyaya za stima zikoje? Soketi iliyoungua na kuwa nyeusi, taa zinazozimika zikiwaka, na waya uliovutwa kutoka kwa jirani kupitia dirishani, hizo zote ni dalili za moto unaokuja.

La nne: mtungi wa gesi utakaa wapi? Nyumba nzuri ina dirisha jikoni na mahali pa kuweka mtungi penye hewa, mbali na kitanda.

La tano: kuna kitu chochote cha kuzimia moto? Mtungi mmoja wa kuzimia moto kwa kila ghorofa, au pipa la mchanga na ndoo kwenye ploti, si jambo kubwa kwa mwenye nyumba anayepokea kodi kila mwezi.

Mkienda mpangaji mmoja mmoja, mwenye nyumba atawaambia atakayeshindwa ahame. Mkienda pamoja, atasikiliza.

Unachoweza kufanya usiku wa leo

Tuje sasa kwa mambo ambayo hayangoji mwenye nyumba wala serikali.

Ufunguo. Ukifunga mlango kwa ndani usiku, ufunguo uwe mahali pamoja kila siku, na kila mtu nyumbani apajue, hata mtoto wa miaka mitano. Mahali pazuri ni msumari kando ya mlango, mbali na dirisha. Ufunguo usiwe chini ya mto wa baba. Moshi ukijaa hakuna anayeona chochote, na moshi ndio unaoua watu wengi kabla ya miali kuwafikia. Chumba chenye kochi la sponji na pazia kinaweza kuwaka chote kwa dakika tatu hadi tano. Huo si muda wa kutafuta ufunguo.

Kumfungia mtoto ndani. Mama, jambo hili ni zito na najua hulifanyi kwa kupenda. Unaogopa barabara, unaogopa watu wabaya, na huna wa kumwachia. Lakini mtoto aliyefungiwa kwa kufuli ya nje hana pa kukimbilia. Zungumza na jirani mmoja unayemwamini, mpeane zamu. Leo wako wanakaa kwake, kesho wake wanakaa kwako. Na ikiwa hakuna njia nyingine siku hiyo, hakikisha hakuna jiko, koroboi wala mshumaa unaowaka ndani, kiberiti umekibeba wewe, na jirani ameachiwa ufunguo na anajua watoto wamo.

Kengele ya moshi. Hiki ni kidude kidogo cha betri kinachobandikwa darini na kulia kwa sauti kali kikinusa moshi. Hakizimi moto, lakini kinaamsha. Kiweke karibu na mahali mnapolala, mbali kidogo na jikoni kisije kikakusumbua kwa moshi wa kupika. Kijaribu mara moja kwa mwezi kwa kubonyeza kitufe. Chama chenu kikinunulia wanachama sufuria mwaka huu, mwaka ujao kinunue kengele za moshi.

Mafuta ya taa. Usijaze stovu au taa ikiwa inawaka. Zima, ngoja ipoe, kisha jaza ukiwa nje. Usiweke mafuta ya taa katika chupa ya soda, maana mtoto atayanywa, na usiyachanganye kamwe na petroli.

Gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutambaa sakafuni, pale pale mtoto anapocheza. Ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na kwenye kichwa cha mtungi. Ukiona mapovu yanakua, kuna mahali panavuja. Usipime kwa kiberiti. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toa watoto nje.

Makaa. Usilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama ni baridi ya Julai. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini.

Mafuta ya kupikia yakishika moto kwenye sufuria, usimwage maji. Maji yataruka na moto kuenea jikoni kote. Zima jiko ukiweza, funika sufuria kwa mfuniko, na usiibebe kuipeleka nje. Maji pia si ya moto wa stima wala wa mafuta ya taa. Tumia mchanga, au blanketi zito.

Mfunze mtoto kutoka

Watoto wadogo wakiogopa moto hujificha chini ya kitanda, nyuma ya pazia au ndani ya kabati. Wanafikiri moto hautawaona. Wengine hujificha kwa sababu wao ndio waliocheza na kiberiti, na wanaogopa kuchapwa. Kwa hiyo mwambie leo, kwa upole: "Moto ukiwaka, hata kama ni wewe uliouwasha, kimbia nje. Mama hatakuchapa." Maneno hayo yanaweza kumwokoa.

Kisha fanyeni zoezi jioni moja, kama mchezo. Zimeni taa. Kila mtoto atambae kwa magoti hadi mlangoni, kwa sababu hewa safi hubaki chini na moshi hukaa juu. Mpaneni mahali pa kukutana nje, kwa mfano chini ya mwembe au kwenye geti. Mkubwa mmoja ajue ni nani atakayembeba mtoto mchanga, na nani atakayemshika shosho mkono. Mkitoka, funga mlango nyuma yenu ili moto usipate hewa, hesabuni watu, piga simu 999 au 112, na mtu yeyote asirudi ndani kwa ajili ya televisheni au hati.

Nguo ikimshika mtoto moto, asikimbie. Mlaze chini na umbingirishe, au mfunike kwa blanketi.

Akiungua, fanya hivi

Mwondoe penye moto, uvue nguo iliyo juu ya kidonda isipokuwa ile iliyogandamana na ngozi. Vua pete, bangili na shanga kabla hajavimba. Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Kama huna mfereji, tumia jagi na beseni, mimina polepole. Usitumie barafu. Huku ukipoza kidonda, mfunike sehemu nyingine za mwili asipate baridi, hasa akiwa mchanga.

Usipake dawa ya meno. Usipake yai, unga, mafuta, majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivi hufungia joto ndani na kuleta uchafu kwenye kidonda, na muuguzi atalazimika kuvikwangua mtoto akilia. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi au karatasi safi ya plastiki, kisha umpeleke hospitali. Nenda upesi zaidi ikiwa ameungua uso, mikono, sehemu za siri au viungo, ikiwa kidonda ni kikubwa kuliko kiganja chake, ikiwa alivuta moshi, au ikiwa ni mtoto mchanga.

Maneno ya mwisho

Mama, tumesema mengi. Nataka ubaki na moja. Siku mtu akiuliza, "Mama alikuwa wapi?", wewe muulize, "Na mlango wa pili ulikuwa wapi? Na dirisha la kufunguka? Na maji?" Nchi zilizoweka vinyunyizio katika nyumba mpya hazikusema mama ni mzembe. Zilisema mama ni mwanadamu, naye hulala, kwa hiyo nyumba isilale.

Usiku wa leo, kabla hujazima taa, piga msumari mmoja kando ya mlango na utundike ufunguo. Kisha mwonyeshe mtoto.

  

Mambo ya kukumbuka

1. Moshi huua kabla ya moto. Tambaa chini, toka nje, usirudi.
2. Ufunguo wa mlango uwe mahali pamoja, na kila mtu apajue.
3. Dirisha moja la chumba cha kulala lifunguke kutoka ndani.
4. Usifunike moto wa mafuta kwa maji. Tumia mfuniko au mchanga.
5. Kidonda cha moto: maji ya baridi dakika 20, kitambaa safi, hospitali.
6. Simu za dharura ni 999 na 112.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Moto ukiwaka usiku kwenye ploti yetu, gari la zima moto litafikia wapi?
2. Ni watoto wangapi katika mtaa wetu hufungiwa ndani mchana, na tunaweza kupanga zamu vipi?
3. Tukimwendea mwenye nyumba pamoja, tutamwomba jambo lipi la kwanza?